Mtihani wa Mwezi wa Nane

"Hivi Vernell, huyu mwanao akiacha mpira ataitwa nani?"

Odessa Grubbs aliuliza swali hilo akiwa upande wake wa uzio, anaanua mashuka, mwaka ule Tavarus alipochukuliwa na Chuo cha Bellefont asomeshwe bure kwa ajili ya mpira. Hakuuliza kwa ubaya. Odessa alikuwa mtu wa kuuliza tu, kama kuku anavyodonoa. Vernell Pickett alicheka, akajibu kwamba ataitwa kama alivyobatizwa, wakahamia habari za mvua.

Lakini swali lilikuwa na miguu. Pale Pelham Bend, Mississippi, mpira ni ule wa umbo la yai, unaobebwa kwapani na wanaume waliovaa helmeti, wanaogongana kama mafahali. Tavarus aliuanza kabla meno ya utoto hayajaisha kinywani. Alipofika sekondari watu walishaacha kumwita jina. Walimwita Arobaini na Nne, namba ya mgongoni. Kinyozi alimnyoa bila malipo. Mchungaji Tolliver alimwombea kila Jumapili ya msimu, baada ya wagonjwa na kabla ya wafungwa. Baba yake, Shemasi Roosevelt, aliyefanya kazi kwenye mabwawa ya kambare, alimwona akicheza sekondari tu. Alifariki kabla ya chuo.

Na chuoni Tavarus hakupewa kitu mkononi. Mwaka wa kwanza kocha alimkalisha nje, ale na anyanyue vyuma mpaka mwili ujae. Mwaka wa pili akatiwa kwenye kikosi cha kukimbiza mpira unapopigwa kwa mguu, kazi ya wale ambao hata wakiumia timu haiyumbi. Mwaka wa tatu aliyekuwa mbele yake akavunjika kifundo, Tavarus akaingia na hakutoka tena. Kazi yake ilikuwa kusimama katikati ya ulinzi na kumwangusha yeyote ajaye na mpira. Aliifanya bila makelele, kama mtu anayefunga milango ya nyumba yake jioni.

Vernell hakukosa mechi ya nyumbani. Alivaa beji kubwa ya picha ya mwanawe kifuani, kama akina mama wengine. Wenzake walishangilia mpira. Yeye, ambaye kanisani kazi yake ilikuwa kusimama mlangoni na glavu nyeupe akiangalia nani anazidiwa na Roho na nani anazidiwa na joto, aliangalia lundo la wachezaji. Watu walipoangukiana hakuvuta pumzi vizuri mpaka ile namba isimame. Mpira ulikoishia aliuliza baadaye.

Ikafika mwaka wa mwisho. Mechi moja ya mwezi wa kumi na moja, lundo liliinuka na Arobaini na Nne akabaki chini. Kisha naye akainuka, akatembea moja kwa moja kwenye benchi la wapinzani. Uwanja ukacheka. Mwenzake akamshika mabega, akamgeuza.

Siku chache baadaye alipiga simu. "Mama, niko fiti. Daktari kanipima kwenye kompyuta. Majibu ni yale yale ya mwezi wa nane, wala hayajashuka."

"Na kichwa?"

"Kipo. Kiko shingoni."

Mechi iliyobaki ilikuwa ya kuwaaga wa mwaka wa mwisho, na watu wa timu za kulipwa walikuwa waje kumtazama. Kabla yake kulikuwa na Jumamosi moja ya mapumziko, kwa hiyo Tavarus akaja nyumbani na Kendrell Moss, mchezaji mwenzake anayelala naye chumba kimoja. Jumapili baada ya ibada walikaa mezani, na Odessa naye, maana Odessa hakuhitaji kualikwa. Vernell alikuwa amekaanga kambare, akapika sukuma wiki kwa shingo za bata mzinga, na mkate wa mahindi.

"Tavarus, tuombee chakula," alisema.

Akaomba sala ya baba yake. "Bwana, tunakushukuru kwa mkono uliolima na mkono uliopika. Tusile kama tusiokujua." Amina. Sahani zikazunguka. Kendrell alikuwa ameshapaka siagi mkate wake wa pili Tavarus alipoweka uma chini, akafumba macho, akainamisha kichwa. "Bwana, tunakushukuru kwa mkono uliolima na mkono uliopika." Akaenda nayo mpaka mwisho, neno kwa neno.

"Kaka," alisema Kendrell, "Mungu alisikia ile ya kwanza. Si kiziwi."

"Mwache mtoto," Odessa akasema. "Kwa kambare huyu hata mara tatu ni halali."

Wakacheka. Tavarus naye akacheka, amechelewa kidogo, kama mtu anayecheka kichekesho cha lugha ya wenyewe.

Vernell hakucheka. Baada ya kula Tavarus aliomba mapazia yafungwe, akalala kwenye kochi. Odessa akaenda kwake. Kendrell akabaki jikoni anafuta vyombo.

"Huo mtihani wa kompyuta ukoje?" Vernell akamuuliza.

"Rahisi tu, Mama Pickett. Wanakuonyesha maneno, wanakuonyesha maumbo, unayakumbuka. Unapimwa mwezi wa nane kabla hujagongwa na mtu. Ukigongwa wanakupima tena, wanalinganisha."

"Na wewe mwezi wa nane unafaulu?"

Kendrell akatabasamu. "Nani anafaulu mwezi wa nane? Ukiwaonyesha akili zako zote mapema, wa kumi na moja wataona zimepungua, watakuweka benchi. Kwa hiyo unajifanya mbumbumbu. Wakubwa ndio wanatufundi..." Kitambaa kikasimama juu ya sahani. "Mama, mimi sijasema kitu."

"Umesema. Futa hiyo sahani."

Walipokuwa wanapakia gari, Vernell alimwita mwanawe barazani.

"Mwezi wa nane ulijibu vibaya makusudi?"

"Nani kakwambia?"

"Mwenye swali ni mimi."

"Wote tunafanya hivyo, mama."

"Umeombea chakula mara mbili."

Tavarus akatazama viatu vyake. "Nilitaka kuwachekesha."

Alikuwa na tabia hiyo tangu mdogo, akidanganya huangalia viatu. Vernell akaelewa kwamba hakumbuki kuomba, ile ya kwanza wala ya pili. Alichokuwa nacho kichwani ni vicheko vya watu tu.

"Mwambie daktari kabla ya Jumamosi," alisema.

"Nimekaa nje mwaka mzima, mama. Nimekimbiza mipira ya watu mwaka mwingine. Yote kwa ajili ya Jumamosi hii. Niache nicheze hii moja, halafu nitamwambia yeyote unayemtaka."

"Na ukigongwa tena?"

"Mungu yupo."

"Yupo. Ndiye aliyekuonyesha kwangu pale mezani. Nakupa mpaka Jumamosi useme mwenyewe."

Juma lile Vernell aliomba, akapiga pasi glavu zake, akaomba tena. Odessa alimuuliza mbona amenuna. Akasema ni baridi.

Desturi ya mechi ya kuaga ni kwamba akina mama husubiri kwenye chumba cha kando ya uwanja. Wana wao huwafuata na maua, kisha jina likitajwa kwenye kipaza sauti, mama humshika mwanawe mkono wakatembea mpaka katikati ya nyasi. Tavarus alikuja na waridi nyeupe, helmeti kwapani.

"Umemwambia?"

"Mama, tabasamu. Wanapiga picha."

Daktari Hollis wa timu, mzee mfupi mwenye miwani, alikuwa akipita akikagua bandeji. Vernell akamwita, na hakupunguza sauti.

"Daktari, mwanangu alijibu vibaya makusudi mwezi wa nane. Na Jumapili kaomba sala moja mara mbili mezani, hana habari."

Mama mmoja akamvuta mwanawe karibu, bila kumwangalia.

"Mama Pickett," alisema kocha toka mlangoni, "leo jamani?"

"Kocha, mwakani wewe utapata mwingine wa kusimama pale. Mimi simpati."

Daktari alivua miwani. "Tavarus, ni kweli?"

Neno moja lingetosha. Angesema mama yake kachanganya mambo, kocha angelipokea kwa mikono miwili. Tavarus alimgeukia mama yake, na macho yake yalichukua muda kutua juu yake. Hakutazama viatu. Wala hakukana.

"Leo hachezi," alisema daktari. "Nitampima upya mwenyewe."

Nje majina yalikuwa yameanza. Wakaita Moss, na Kendrell akatoka na mama yake kwenye mwanga na vifijo. Tavarus aliweka maua kwenye benchi, na helmeti kando yake, polepole, kama vinaweza kuvunjika.

"Namba arobaini na nne, Tavarus Pickett, akisindikizwa na mama yake!"

Uwanja ukanguruma. Vernell akasimama, akanyoosha beji kifuani, akakunja kiwiko kama walivyofundishwa kwenye mazoezi, akangoja. Tavarus akautazama ule mkono, akaupita. Njumu zake ziligonga saruji hadi upande wa pili wa chumba, akasukuma mlango wa kwenye maegesho ya magari, akatoka.