Ombi Kubwa Mno

Faili la Mama Stefania lilikuwa na kurasa arobaini na mbili, na Tusekile alikuwa ameshajaribu kulipandisha kwenye mfumo mara saba. Mara zote saba lilikataa. Muhtasari wa mkutano wa kijiji, saini za majirani wanne, ramani ya mkono, picha za kila jiwe la mpaka, vyote vilikuwemo, vimepigwa skana vizuri kabisa. Lakini kila alipobonyeza kutuma, kile kimstari cha kijani kilitambaa hadi mwisho, kisha kikarudi mwanzo kama hakikutumwa na mtu. Hifadhi ya mtandao waliyofungiwa pale ofisi ya ardhi haikupokea mzigo uliozidi megabaiti kumi kwa mkupuo mmoja. Faili la Stefania lilikuwa na thelathini na moja. Hiyo tu ndiyo ilikuwa kesi.

Wiki sita nzima Tusekile alikuwa akimfuata Loth, mtaalamu wa mifumo, kwenye chumba chake cha mwisho wa koridoni. "Loth, ongeza hicho kikomo." "Nitaangalia, dada." Kesho yake, "Loth, vipi?" "Nitaangalia." Nitaangalia! Mtu mzima, macho mawili mazima usoni, wiki sita anaahidi kuangalia.

Alhamisi asubuhi Stefania akaja mwenyewe. Alikuwa amepanda na lori kutoka Kaoze, huko bondeni kwenye joto, na baridi ya Sumbawanga ilimkuta na kanga mbili na kandambili. Alisimama dirishani anatetemeka.

"Shikamoo, mama. Karibu. Faili lako bado nahangaika nalo."

"Marahaba, mwanangu. Usihangaike tena. Nimekuja kuomba radhi."

"Radhi ya nini?"

"Ya kuzidisha." Akafungua mfuko wake wa plastiki, akatoa fomu mpya, safi, yenye muhuri wa mtendaji wa kijiji. "Nimepunguza kama mlivyosema. Sasa naomba ekari tatu."

Tusekile alidhani amesikia vibaya. Mama huyu alikuwa ameomba hati ya ekari nane za mpunga, alizolima na marehemu mumewe Christopha miaka ishirini na sita, na hakuna jirani hata mmoja aliyepinga. "Nani kakwambia upunguze?"

"Ninyi." Stefania akachomoa simu ya vitufe iliyofungwa kwenye pindo la kanga, akaisogeza dirishani.

Meseji zilikuwa saba. Zote zimetoka kwenye mfumo wa ofisi, zote zilezile neno kwa neno: *Ombi lako limekataliwa. Ombi ni kubwa mno, linazidi kikomo. Tafadhali punguza, kisha ujaribu tena.*

Mungu wangu! Tusekile hakujua kabisa kwamba kila alipobonyeza, mfumo ulimtumia mwenye faili meseji. Alikuwa amebonyeza kwa hasira, alikuwa amebonyeza kwa ukaidi, siku moja alibonyeza mara tatu kabla ya chai. Na huko Kaoze simu ikawa inalia.

"Ya kwanza nilinyamaza," Stefania akasema. "Ya pili nikasema labda wamekosea mtu. Siku ile zilipokuja tatu kwa mpigo, nikaona aibu. Nikasema kumbe mimi mjane ninayelima peke yangu nimekuwa mroho mpaka serikali inanisihi. Nikamwita shemeji Polikarp, nikamwambia chukua tano wewe. Tumekuja naye. Yuko dirisha la pili."

Tusekile hakungoja. Alitoka mbio mpaka dirisha la pili, akamkuta Polikarp, mwanamume mrefu ndani ya koti la suti, anakunja stakabadhi yake taratibu. Fomu yake ilikuwa ukurasa mmoja. Mfumo ulikuwa umeimeza bila kukohoa. Imepokelewa, saa tatu na dakika kumi.

"Kuna tatizo, dada?" Polikarp akauliza, uso mkavu.

Tusekile aligeuka. Alikwenda koridoni, akausukuma mlango wa Loth bila kubisha hodi.

"Nyanyuka!" alifoka. "Nyanyuka uone ulichofanya! Mama wa watu amegawa shamba lake kwa sababu ya megabaiti zako! Ekari tano, Loth! Kwa namba moja uliyoshindwa kubadilisha!"

Loth akashusha kikombe. Aliposikia habari yote aliinama kwenye kompyuta. Akafungua ukurasa wa mipangilio, akafuta kumi, akaandika mia, akahifadhi. Haikuchukua dakika moja. Tusekile alipoona ni dakika moja tu, alitamani kukitupa kile kikombe dirishani.

"Na huo upuuzi wa meseji," akasema, "nani aliuandika? Ombi kubwa mno! Punguza! Nani anamwandikia binadamu hivyo? Faili ndilo kubwa, si anachoomba! Nitajie jina, nimfuate leo leo."

Loth akafungua ukurasa mwingine. Kisha akageuza kioo cha kompyuta upande wa Tusekile.

Ilikuwa orodha ya ujumbe wote wa mfumo, Kiingereza kushoto, Kiswahili kulia. Juu kabisa liliandikwa jina la mfasiri, na lilikuwa la Tusekile mwenyewe. Alikumbuka. Walisema apewe yeye kwa kuwa ana Kiswahili kizuri, na yeye akaifanya kazi yote mchana mmoja, kesho yake anaanza likizo kwenda kwao Mbeya. Kwenye Kiingereza palisemwa tu kwamba mzigo uliotumwa ni mkubwa, na yeye huo mzigo akauita ombi. Maneno "Tafadhali punguza" hayakuwepo. Aliyaongeza mwenyewe, kwa adabu, mtu asijisikie amefukuzwa.

"Mimi nilizembea," Loth akasema. "Lakini maneno ni yako, dada."

Tusekile akavuta kiti, akaketi kando yake. Walilituma upya lile faili la kurasa arobaini na mbili, likapanda moja kwa moja. Limepokelewa, saa nne kasoro robo.

"Linafutilia mbali lile la Polikarp?" Tusekile akauliza.

"Hapana. Mfumo unahesabu saa faili lilipoingia. La shemeji limetangulia. Hapo mpaka baraza la ardhi."

Tusekile akarudi dirishani. Aliona bora ayaseme yote kwa mkupuo mmoja, na akayasema: kwamba kompyuta haikujua ekari ni nini, kwamba zile picha ndizo zilizokuwa nzito, kwamba maneno aliyaandika yeye. "Nisamehe, mama. Pole sana."

Stefania akaegemea ubao wa dirisha. Kutetemeka kulikuwa kumekwisha.

"Kwa hiyo hakuna mtu aliyesema nimezidisha."

"Hakuna."

"Hakuna aliyesoma hata?"

"Hakuna, mama."

"Na mimi wiki mbili sili!" Akapiga ubao wa dirisha kwa kiganja, watu wote wa foleni wakageuka. "Wiki mbili nakwepa watu kisimani, naona kila mtu ananijua mimi mroho! Pole yako kaa nayo, mwanangu. Shika kalamu. Andika."

Tusekile akaandika barua kwa baraza la ardhi. Aliandika jina lake kamili, cheo chake, kosa lake. Alijua barua ile ikifika mezani kwa mkuu wake, kiti anachokalia kitatafutiwa mtu mwingine. Akaendelea kuandika.

"Soma," Stefania akasema.

Akasoma. Alipofika kwenye *mwombaji hakuomba zaidi ya shamba lake*, mama akainua mkono.

"Hapo. Rudia, kwa sauti, yule pale asikie."

Polikarp alikuwa mlangoni, stakabadhi mfukoni. Tusekile akasimama, akarudia kwa sauti iliyofika hadi barabarani.

"Lakini ulisaini mwenyewe kunipa tano, shemeji," Polikarp akasema. "Mbele ya mtendaji. Na mimi nimeshapokelewa."

"Nimesaini nikiwa nimetukanwa," Stefania akamjibu, huku anafunga simu kwenye pindo la kanga. "Mpunga wangu umeshaanza kuwa wa njano. Wiki tatu zijazo naingia na mundu, nakata zote nane. Wewe njoo na hiyo karatasi yako, usimame mbele yangu nikikata."