Springi ya Upande wa Dereva

Gari la Calixte lilikuwa limeinama upande wa kushoto. Sisemi marehemu Calixte, maana katika nyumba ile ya Katubuka hakuna aliyethubutu kulitamka neno hilo, na mimi sitawatangulia wenyewe.

Lilikuwa Korola ya zamani, rangi ya maziwa, usukani wake uko kushoto kama magari ya kwao Burundi. Calixte aliliendesha mwenyewe mwaka ule wa tisini na tatu, vita vilipozuka kwao, akavuka mpaka wa Manyovu, mkewe Ininahazwe kando yake na mtoto wao Jean de Dieu nyuma, amelala juu ya godoro lililokunjwa. Akawafikisha Katubuka kwa ndugu wa mkewe, akaoga, akala. Kesho yake akateremka Kibirizi na kupanda boti lililokuwa likirudi upande wa Rumonge, kwenda kumchukua mama yake mzazi aliyebaki nyuma. Gari akaliacha uani. Alisema njia ya gari haipitiki tena, akirudi atalikuta hapo hapo. Boti lilifika, hilo walilihakikisha. Baada ya hapo hakuna aliyesema amemwona, si akitembea, si akianguka.

Sasa Calixte alikuwa mtu wa mwili. Springi ya upande wake ilichoka kwa kumbeba, na fundi yeyote angekwambia hivyo. Lakini nani aliwauliza mafundi? Watu waliliona gari tupu, milango imefungwa, limekaa chini upande wa dereva kama vile dereva yumo ndani, na wakaanza kulipita kwa mbali. Wanawake waliopandisha dagaa kutoka Kibirizi walilisalimia. Sitanii. Walitua ndoo, wakaliambia habari za asubuhi, wakaendelea na safari yao. Ukiwauliza wanamsalimia nani, wanakutazama kama wewe ndiye mwenye kasoro.

Ininahazwe naye kila asubuhi alikuwa akifuta kioo cha kushoto kwa upindo wa kitenge, akisema "Mwaramutse" kwa sauti ile ile aliyowasalimia majirani. Kisha anafagia uwanja wote, isipokuwa mbele ya mlango ule. Hapo majani yalirundikana mpaka upepo uyaondoe wenyewe.

Mtoto alikua. Wakamwita Jado, kama wanavyoitwa akina Jean de Dieu wengi. Akajifunza udereva, akaifufua injini, na mama akamruhusu kulitumia gari kwa sharti moja: kiti cha baba yake asikiguse. Kiti kilikuwa kimesukumwa nyuma kabisa, na Jado hakurithi ile miguu mirefu. Basi aliendesha na mto mgongoni, amekaa ukingoni mwa kiti kama mgeni aliyekuja kuomba chumvi. Aliogopa, na sababu ya hofu yake hakumwambia mtu. Kila alipopinda kona ya kushukia Ujiji, alihisi bega zito limemwegemea. Mwanzoni alilisukuma. Baadaye akazoea kulipisha.

Ndipo akampata Armelle, binti wa Warundi waliokaa Ilagala tangu zamani, msichana mcheshi asiyeogopa gari lake. Walipendana wakapendana kweli. Jado akaenda kwa mama yake, akapiga magoti, akaomba watu waende Ilagala kuposa.

"Anayekuposea ni baba yako," mama akasema. "Kama yupo, tumngoje. Kama hayupo, lazima tuganduke kwanza. Unajua."

Jado alijua. Kuganduka ni kuvua msiba: watu wanakaa, wanakunywa, wanamsema aliyekwenda, halafu nyumba inafunguliwa, na walio hai wanarudi kulima, kucheza ngoma na kuoa. Nyumba isiyoganduka haitoi wala haipokei bibi harusi. Na wao wangeganduka vipi, wakati hata kulia hawakulia? Wazee wa Ilagala walikuwa watu wa subira, lakini Armelle alikwisha mwambia wazi kwamba mjomba wake ameanza kumtaja mwanaume mwingine, na kwamba kikao cha kulimaliza jambo hilo kitakaa kabla ya mavuno ya maharage.

Kipindi hicho hicho springi ile ya kushoto ikavunjika. Tairi likaanza kukwangua bodi, na Pastory, fundi Muha mwenye gereji chini ya barabara, akasema gari halitoki hapa bila springi mpya. Jado akaona bora azibadilishe zote kwa mara moja. Alitaka kulishusha, liwe la chini kama magari ya vijana wa mjini, limpeleke Armelle kanisani likiwa limejinyoosha.

Mama akasikiliza maneno yote hayo ya springi. Kisha akasema, "Badilisheni. Likisimama sawa, nitajua ameondoka. Tutaganduka, utaoa. Likiinama, yupo, na mimi simfukuzi mume wangu kwa ajili ya ngoma."

Hivyo ndivyo harusi ya Jado ilivyowekwa juu ya springi, na mtu asije akakudanganya kwamba aliichagua kwa ajili ya urembo tu.

Pastory alimkalisha kwenye tairi kuukuu akamweleza. "Njia ya kwanza, tunazikata hizi za zamani kwa msumeno. Gari litashuka, na kila shimo utalisikia kwenye meno. Vijana wanafanya, wanakuja kwangu wakilia. Njia ya pili, springi fupi na shokapu hizi hizi ndefu. Shokapu itagonga mwisho kila ukipita tuta, haifiki mbali inamwaga mafuta. Mimi nakushauri springi fupi na shokapu zake fupi, zilizozoeana. Na usishushe sana. Vidole viwili tu vinatosha. Hapa ni Kigoma, usije ukaacha bampa kwenye mashimo ya Mwandiga."

"Zinapatikana?"

"Za gari la usukani kushoto zinatoka Bujumbura. Nenda Kibirizi."

Kibirizi, kando ya majukwaa ya dagaa, alikuwapo mchuuzi aitwaye Elikana aliyepokea spea kutoka kwenye maboti ya upande wa pili. Akamtolea Jado shokapu fupi na springi zake, zimefungwa kwenye gunia lililolowa maji ya ziwa. Springi moja ya mbele ilikuwa imepakwa rangi ya njano. "Hii ni ngumu kuliko mwenzake," Elikana akasema. "Inakaa kwa dereva, maana huko ndiko uzito uliko. Usisahau."

Jado akalibeba gunia begani. Maji yaliyochuruzika mgongoni yalikuwa ya baridi mno. Akafikiri: upande wa pili ndiko lilikokwenda boti lililompeleka baba, na ndiko zilikotoka hizi. Akajuta kufikiri hivyo, lakini wazo lilikwisha ingia.

Kule gereji akamwambia Pastory maneno ya Elikana kama yalivyo, ya njano kwa dereva, na Pastory akaitika akiwa tayari yuko chini ya gari. Kazi ikaisha jioni. Jado akalirudisha uani taratibu, akalizima, akashuka, akasimama kando ya mama yake kulitazama.

Gari lilikuwa limeshuka vizuri, limependeza. Na lilikuwa limeinama upande wa kushoto.

Jado alichungulia dirishani. Springi mpya, shokapu mpya, tanki halina mafuta ya kutosha hata kufika Ujiji, ndani hamna mtu. Mama yake hakushtuka. Alitabasamu, na tabasamu lile lilimtisha Jado kuliko gari lenyewe.

"Umemletea springi za kwao," akasema. "Amekuja nazo."

Tangu siku hiyo mambo yalizidi. Ininahazwe alitoa kigoda, akawa anakaa kando ya mlango wa kushoto na kuongea Kirundi saa nzima, akinyamaza pale ambapo mwenzake angejibu. Alimweleza juu ya Armelle. Alimwuliza kama mama mkwe alionekana. Majirani wakaacha kupita uani. Jado akaacha kuendesha. Hakuweza. Alikuwa akilala na kuamka na lile bega, hata alipokuwa kitandani, na siku moja alijikuta amesogea ukutani ili kulipa nafasi. Akalia, kijana mzima, kwa hofu na kwa hasira. Baba asiyerudi kumlea, sasa amerudi kumzuia asioe.

Armelle alipokuja akamkuta amekonda. "Kikao ni Jumapili," akamwambia. "Mimi nitawaambia wangoje. Niwaambie wangoje nini?"

Jado akaenda kulisogeza gari, walau litoke dirishani kwa mama. Akazungusha usukani mpaka mwisho, akashuka kuangalia kama tairi linagusa bodi. Hapo, ndani ya tundu la tairi la kulia, akaiona rangi ya njano.

Akachuchumaa, akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akakimbia kwa Pastory.

Pastory alifuta mikono, akafikiri, akajipiga paji la uso. Usimcheke. Mtu amefungua magari ya Tanzania maisha yake yote, na kwake dereva anakaa kulia. Ukimwambia kwa dereva, mkono wenyewe unakwenda kulia kabla kichwa hakijauliza. Springi ngumu akaiweka upande usio na mzigo, laini akaipa mzigo wote. Gari lingeacha vipi kuinama?

"Lilete saa hii," akasema. "Nazibadilisha, linasimama sawa, mama ataona ameondoka. Tusimwambie kitu. Utaoa, bwana mdogo."

Ilikuwa rahisi hivyo. Jado alirudi kulichukua gari akiwa mwepesi, karibu anacheka. Akamkuta mama yake kwenye kigoda, mkono juu ya mlango.

"Afadhali umekuja," mama akasema. "Mimi naona ananificha. Muulize wewe mwanawe. Muulize kama anakuruhusu."

Wepesi wote ukamtoka. Alimtazama mama yake, nywele zilizokuwa nyeusi siku ya Manyovu sasa zina mvi, na majani yaliyorundikana miguuni pake mahali ambapo hapafagiliwi. Akaona kwamba akilipeleka gari kimya kimya, atakuwa amemwondoa baba yake kwa hila, na mama atabaki akijiuliza maisha yake yote alimkosea nini hata akaondoka tena bila kuaga.

Akampa mkono, akamwinua, akamzungusha upande wa kulia. Akaushika mkono wake, akauingiza kwenye tundu la tairi, akauweka juu ya springi.

"Hii ya njano ilitakiwa kuwa upande ule, Mama. Pastory amekosea, ameiweka anakokaa dereva wa huku. Ndiyo maana limeinama. Ndani hamna mtu." Akapiga moyo konde. "Baba alikufa. Alikufa kule kule, zamani, mimi nikiwa mtoto. Angekuwa hai angekuja."

Mama hakuutoa mkono kwenye springi. Akaipapasa mzunguko kwa mzunguko, hata Jado akaogopa kwamba amemvunja.

"Umesema," mama akasema mwishowe.

"Nisamehe, Mama."

"Nikusamehe nini? Mimi ni mke wa dereva, Jado. Springi iliyochoka naijua tangu hujazaliwa. Lakini kwetu mke hatangazi kifo cha mumewe. Akitangulia yeye kusema, ni yeye aliyemzika. Anatangaza mtoto wa kiume." Akajifuta uso kwa mkono wenye vumbi la tairi. "Nilikuwa nangoja ukue. Ulipokua, nikaona unaogopa, nikazidi kungoja. Nimechoka kuongea na mlango, mwanangu."

Ndipo akalia. Alilia kwa sauti, kilio cha miaka yote ile, na majirani wakaja mbio, wakakuta kuna msiba, wakakaa.

Pastory alizibadilisha springi kesho yake, na Korola ikasimama sawa, pande zote kimo kimoja. Armelle akapeleka habari Ilagala kwamba nyumba imefiwa, na kwa kuwa wale walikuwa watu wa mila, wakakivunja kikao na kuja kuhani. Baada ya mavuno Jado na mama yake wakaganduka. Watu walikunywa, wakamsema Calixte, kicheko chake na uzito wake, na kwa mara ya kwanza wakamwita marehemu. Nami sasa namwita hivyo.

Shughuli ilipokwisha, Ininahazwe alichukua ufagio, akafagia mbele ya mlango wa kushoto. Akaufungua mlango wazi, kama unavyomfungulia mzee anayetaka kuteremka. Akasema, "N'agasaga," yaani kwaheri ya safari ndefu.

Gari likainuka. Si sana, vidole viwili tu, upande ule wa kushoto, likatikisika mara moja na kutulia.

Jado alimtazama Pastory, aliyekuwa karibu yake na glasi mkononi. Pastory alitazama shokapu zake, akatazama chini.

"Mpya huwa zinajiweka sawa," akasema, akaimaliza glasi yake.

Mama alirudi jikoni na ufagio wake, hana hili wala lile. Jado akaingia ndani ya gari, akautoa mto, akautupa nyuma. Akapapasa chini ya kiti, akalipata komeo lake lililoshika kutu, akalivuta kwa nguvu zake zote mpaka likaachia. Kisha akakisogeza kiti mbele.