Kinywaji cha Akina Kalunde

Meno manne ya mbele ya mtoto yalikuwa yameoza, na nesi wa kliniki ya Kikima hakumumunya maneno. Apewe maji na maziwa tu. Soda na chai ya sukari marufuku, la sivyo meno yatang'olewa. Mwongeli, mama wa mtoto, alirudi nyumbani akiwa ameazimia kutii. Kesho yake asubuhi akamkuta mama mkwe amempakata mtoto, anamtilia soda ya machungwa kwenye chupa ya kunyonyea.

Angesemaje? Mama mkwe alikuwa Kalunde, na mtoto alikuwa Kalunde. Ukambani binti wa kwanza hupewa jina la mama mzaa baba, na akishapewa, ni kama ndiye yeye.

"Ukinyima huyu, ni mimi umeninyima," bibi alipenda kusema, na majirani wakaitikia.

Nzioka, mume wa Mwongeli, aliyekuwa akiuza vipuri mjini Sultan Hamud, alipigiwa simu. "Hayo muongee wenyewe," akasema, akakata. Mwanaume mzima, na ndevu zake!

Wiki tatu Mwongeli alimeza hasira. Alimwaga soda kisirisiri akaweka maji. Mtoto akalia, bibi akaja na chupa nyingine. Boma lilikuwa la bibi, shamba la bibi, na sasa hata mtoto aliyemzaa kwa uchungu alikuwa wa bibi. Hakuwa na pa kugeukia.

Siku mtoto alipokataa hata uji kwa maumivu, Mwongeli alichoka kuogopa. Alichukua kikombe cha chai cha mama mkwe, akamwaga chai yote uani, akajaza maji.

"Mwaitu, mama yangu," alisema, "nesi amesema Kalunde asikunywe kitu tamu. Na Kalunde ni wewe. Basi mtakunywa hii maji nyinyi wawili."

Mama mkwe alimkazia macho. Kisha akanywa, akamnywesha mtoto, kikombe kikaisha. Mwongeli nusura apige vigelegele.

"Umesema kweli," mama mkwe alisema taratibu. "Mimi na huyu tuko mtu mmoja. Soda nimeacha, chai nimeacha. Sasa niletee nguo zake. Kuanzia leo atakaa kwangu, hayo meno nitayachunga mwenyewe."

Mwongeli angebisha vipi, na maneno yalikuwa yake mwenyewe? Aliingia ndani, akaanza kukunja vigauni.