Kizingiti cha Sentimita Kumi na Nane

Tasnifu yangu ya udaktari ina sura nzima kuhusu kizingiti. Niliandika kwamba nyumba za siku hizi zinameza watu. Mtu anaingia bila hata kujua kwamba ameingia. Nyumba, nilidai, inapaswa kumfanya mgeni asite, ainue mguu, ajue anavuka. Watahini walinisifu. Nami nikavimba kichwa.

Ndipo nikawachorea wazazi wangu nyumba. Baba ni mwashi. Mafundi wenzake humwita Timazi kwa jinsi kuta zake zinavyonyooka. Aliikunjua ramani juu ya rundo la matofali, kidole chake kikakwama mlangoni.

"Dokta," akaniita kwa utani, "hiki kituta cha sentimita kumi na nane ni cha nini?"

"Kizingiti, Baba. Kinamfanya mtu atafakari kabla hajaingia."

"Mama yako akifika hapo atatafakari magoti yake."

Mama alicheka mpaka akajifuta machozi. Mimi nilikunja uso. Nikamwambia baba kwamba yeye anajua kujenga tu, mimi ndiye ninayejua kwa nini tunajenga. Nilimwambia hivyo mbele ya vibarua wake. Alichukua mwiko, akajenga kama nilivyochora.

Haukupita mwaka tangu wahamie, mama akaanza kuadimika barazani. Nikimpigia simu, yuko ndani, anapumzika. Baba akanigusia: "Mwanangu, kile kizingiti chako kinamfungia mama yako ndani." Nikasema tungoje kidogo, watu wa jarida la wasanifu majengo wanakuja kupiga picha. Walikuja, wakapiga picha arobaini za mlango ule. Mama hayumo hata kwenye moja.

Wiki mbili baadaye alitaka kutoka kuanika nguo. Akajikwaa kwenye kizingiti, akavunjika nyonga. Hakuinuka tena kitandani.

Asubuhi ya mazishi wabebaji walisimama sebuleni wakikitazama kizingiti, wakishauriana namna ya kuvusha jeneza. Baba akawaomba wasubiri. Nilidhani ataleta nyundo kubwa, kumbe alikuja na patasi tu. Akagonga mara tatu, tofali la kwanza likatoka zima. La pili likafuata. Chini yake sakafu ilikuwa imeshamalizwa, laini, sawa na ya sebuleni.

Nikachuchumaa, nikapapasa. Kati ya matofali hapakuwa na saruji. Ulikuwa udongo mtupu, umepakwa rangi juu.

"Baba, hukukijenga kwa saruji?"

"Nilijua iko siku utabadili mawazo. Nikakiacha kiwe rahisi kung'oka."

"Sasa mbona hukuking'oa?"

"Ramani ni yako, mwanangu. Mimi najua kujenga tu." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. "Nilikuwa nangoja useme."

Nililia kwa aibu kwanza, msiba ukaja nyuma yake. Baba akafagia udongo kwa kiganja, akasogea pembeni. Wabebaji wakapita na mama, na hakuna hata mmoja wao aliyeinua mguu.