Rudia Ile ya Kuchekesha

Mwalimu alikuwa amewazoea wanafunzi wake kuliko alivyowazoea baadhi ya ndugu zake. Walikuwa watu wazima, wageni waliohamia mjini kila mmoja na sababu yake. Jioni, baada ya kazi, walipanda ngazi hadi ghorofa ya pili ya kituo cha kufundishia Kiswahili, wakajibana kwenye viti vilivyotengenezwa kwa ajili ya watoto, wakaanza kuhangaika na ngeli. Alikuwepo fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye kwake kila kitu duniani kilikuwa "yangu": kitabu yangu, mguu yangu, watoto yangu. Alikuwepo daktari wa meno, mwanamke mpole aliyeogopa kufungua mdomo kuliko wagonjwa wake. Na alikuwepo Bibi.

Bibi aliletwa mjini na mwanawe baada ya kufiwa na mume. Wajukuu aliowakuta hawakujua hata neno moja la lugha yake, naye hakujua la kwao, basi wakawa wanaishi nyumba moja na kutazamana kama watu waliokutana kwenye foleni. Ndiyo maana akaja kusoma. Siku ya kwanza alipoulizwa anafanya kazi gani nyumbani, alijibu kwa fahari, "Mimi nawala wajukuu."

Darasa lilivunjika mbavu. Alipoelezwa tofauti ya kula na kulea, Bibi mwenyewe alicheka hadi miwani ikamdondoka. Tangu hapo ukawa utani wao. Akichelewa, fundi aliuliza, "Bibi wetu yuko wapi? Au ameshiba?" Naye akiingia alijipapasa tumbo. Hakuna aliyeumia, maana walikuwa wote katika mtumbwi mmoja, na kila mtu alikuwa na kosa lake la kuchekwa.

Mwaka ukaisha. Siku ya kuagana walisogeza meza ukutani, daktari akaleta keki kubwa, mwingine akaleta juisi. Mwalimu alikuwa amewapa kazi moja tu: kila mtu asimame, aage kwa maneno yake, bila kusoma popote. Bibi alikuja amevaa gauni lake la shughuli. Alinong'ona kwamba wajukuu wamemfanyisha mazoezi hadi wakachoka wao.

Kabla hajaanza, mkurugenzi wa kituo akaingia bila hodi, simu mkononi, anarekodi.

"Endeleeni, endeleeni! Jifanyeni sipo."

Ila alikuwepo, tena sana. Alikuwa mtu wa kucheka kwa meno tu, macho yake yako kwingine. Alipita katikati ya watu hadi kwenye keki ambayo haijakatwa, akachovya kidole gumba kwenye krimu, akakilamba polepole, kisha akakichovya tena palepale, kikiwa na mate. Mwalimu aliona ute ukibaki kwenye ile krimu. Akageuza uso.

"Tuanze na Bibi," Mwalimu alisema.

Bibi akasimama, akakaza mgongo. "Mwalimu, nilikuja hapa bubu. Sasa nalea wajukuu wangu. Wakiniuliza, najibu. Wakinidanganya, najua. Nakushukuru wewe, na wenzangu. Nitawakumbuka."

Hakukosea hata silabi. Fundi alipiga mluzi, daktari akapiga makofi huku anafuta machozi, na Mwalimu akajikaza kisabuni ili asiharibu shughuli.

"Safi sana!" mkurugenzi alisema. "Sasa, Bibi, rudia. Ila mara hii sema ile ya kuchekesha. Sema nawala."



"Nilisema nalea," Bibi alisema.

"Ndiyo, lakini ile ya kwanza ndiyo tamu. Nimesimuliwa. Tunatengeneza video ya kukitangaza kituo, unaona? Watu wanapenda kucheka. Hebu, nawala wajukuu." Akanyoosha mkono, na kwa kidole kile kile chenye mate akamshika Bibi kidevu, akamgeuzia uso kwenye mwanga. "Hivyo hivyo. Tabasamu kidogo."

Bibi hakumtazama yeye. Alimtazama Mwalimu, na macho yake yalikuwa na hofu ya mtoto aliyepigwa bila kujua kosa.

"Mwalimu, nimekosea wapi?"

Mwalimu akamtazama mkurugenzi. Mwaka mzima wa kumfundisha mtu kuinua kichwa, na huyu anamrudisha chini kwa kidole gumba. Tena anatabasamu! Shavuni alikuwa na tone la krimu, na hilo tone lilimtia kinyaa kama kitu kilichooza.

"Hujakosea popote, Bibi. Kaa." Akamkabili mkurugenzi. "Mwondolee mkono. Halafu futa hiyo video."

"Ah, Mwalimu, usikuze mambo. Ni utani tu."

"Utani ni wetu sisi na yeye. Wewe hatujakualika. Futa."

Fundi akasogea, akaweka kiganja chake kipana mbele ya simu. Hakumgusa mtu. "Bosi, futa," alisema. "Bibi hii ni yangu."

Kwa mara ya kwanza Mwalimu hakumsahihisha.

Mkurugenzi akacheka peke yake, akabonyeza simu. "Haya. Imefutika."

"Na kule kwenye vilivyofutwa," Mwalimu alisema. "Nakuangalia."

Akafuta na huko, shingo imemvimba. "Mwakani sina hakika kama kituo kitakuhitaji."

"Mimi nina hakika. Sirudi."

Aliwaambia wanafunzi wachukue mikoba yao. Keki waliiacha, hakuna aliyekuwa na hamu nayo. Wakashuka hadi uani, penye pikipiki za walinzi na mapipa ya taka, na hapo wakamalizia kuagana, wamesimama kwa duara kama watu wanaosubiri matokeo. Daktari alizungumza kwa sauti kubwa kuliko siku zote. Fundi alijaribu, akashindwa, akamkumbatia Mwalimu mpaka mifupa ikalia. Bibi alikuwa anajisugua kidevu kwa pembe ya mtandio, tena na tena, ngozi imekuwa nyekundu. Mwalimu akamshika ule mkono, akautuliza.

Nyumbani, mume wa Mwalimu alimwekea chakula. Alikitazama tu.

"Wanafunzi wamekuaga vizuri?"

"Wao, ndiyo," alisema, akasukuma sahani. "Hata wamenishukuru. Lakini kuna mtu nimempa mkono kila jioni kwa miaka, mume wangu, na leo natamani kuuchuna huu mkono."

 Mumewe akafunika chakula, akaketi karibu naye. Simu ya Mwalimu ikaita. Alikuwa daktari wa meno, anauliza kama chumba cha kusubiria wagonjwa kwenye kliniki yake, jioni kikiwa kitupu, kinaweza kutosha darasa.