Sabuni Kwenye Pipa la Marwa

Kaka yangu Thuranira ni mzee wa kanisa hapa Nkubu, kwa hivyo nyumbani kwake hakupikwi pombe. Hupikwa uji wa wageni, katika nusu pipa la chuma, na wageni wakishaunywa huimba. Wiki ile uji ulihitajika sana. Mwanawe Kinoti alitaka kumwoa Rwamba, binti wa Mzee Njoka wa Runyenjes, na Njoka alikuwa ametuma neno kwamba yeye hazungumzi mahari na watu waliobeba soda. Tulete marwa, pombe ya wimbi. Ikiwa mbaya turudi nayo kwetu, tujaribu mwaka mwingine.

Karwirwa, mke wa Thuranira, alipoliweka pipa motoni, maji yalianza kudondoka kwenye mshono wa chini na kuuzima moto. Akasema lipelekwe kwa fundi wa kuchomelea pale sokoni. Mimi nikasema vivyo hivyo. Lakini kaka yangu aliwahi kuendesha pikipiki yenye tangi lililotoboka kutoka Chuka mpaka Embu, tundu likiwa limezibwa kwa sabuni ya kipande, na tangu siku hiyo hakuna kitu kinachovuja alichokiheshimu. Akachukua sabuni, akaikanda, akaisindilia kwenye mshono kwa kidole gumba, ndani na nje.

Nilimwambia kwamba sabuni huvumilia petroli, lakini kuyeyuka kwenye maji moto ndiyo kazi iliyotengenezewa. Akaniuliza nilifika darasa la ngapi. La sita. Yeye alifika la saba, kwa hivyo mjadala ukaishia hapo.

Ukweli ni kwamba pipa halikuvuja tena. Unga ulipochemka uliganda kwenye mshono, ukafanya kazi ambayo sabuni ilikuwa imeikimbia. Sabuni yenyewe ilikuwa imehamia kwenye marwa. Asubuhi ya safari Karwirwa alionja, akatema, akamwita Kinoti. Kinoti naye akatema. Thuranira akalitazama povu jeupe lililojaa kwenye midomo ya madumu, akasema hiyo ndiyo dalili ya pombe iliyoiva, na kwamba atakayesema neno kule Runyenjes atajitafutia baba mwingine.

Kwa Njoka tulipokewa vizuri. Sala iliombwa, tena ndefu, na kaka yangu ndiye aliyeiomba. Kisha Njoka akajaza pembe na kumpa. Kwa desturi, aliyeleta pombe hunywa kwanza, na humaliza, ili wenyeji wajue hawakuletewa sumu. Thuranira alikunywa polepole, bila kumtazama mtu, kama anayesoma hotuba kwenye mazishi ya mdeni wake. Povu likabaki kwenye masharubu.

"Iko namna gani?" Njoka akauliza.

"Imeiva," kaka yangu akajibu, na kiputo kidogo kikamtoka mdomoni.

Njoka akajijazia pembe yake. Hapo Kinoti akainuka. Siku kama hiyo kijana hasemi, husemewa.

"Mzee, usinywe," akasema. "Pipa letu lilivuja, likazibwa kwa sabuni. Afadhali unirudishe kwetu leo kuliko nikuharibie tumbo."

Kwa nini alingoja baba yake amalize pembe nzima, sijamuuliza.

Njoka alitia kidole kwenye pembe, akakisugua, akawaonyesha wenzake. Mmoja wao akasema hata ile ya kufulia mashati haitoi povu hivyo.

"Pombe nimeikataa," Njoka akasema. "Kijana nimemkubali. Angalau kwenye boma lile kuna mmoja atakayeniambia binti yangu analishwa nini."

Wazee wakatutoza faini ya mbuzi mmoja, wa kusafisha midomo, ingawa mdomo wa kaka yangu ulikuwa safi kabisa. Alitaka kupinga. Aliufungua, akaufunga, akauliza choo kiko wapi.

Mahari yalizungumzwa juu ya chai, nami ndimi niliyesema kwa niaba yake. Mara mbili alifika mlangoni akiwa ameandaa maneno, mara mbili akageuka mbio. Alipokaa hatimaye, Rwamba alikuwa ameshaitwa mbele ya wazee na kuulizwa kama anamtaka Kinoti, akakubali, na wanawake wakapiga vigelegele. Ilibidi nimweleze kaka yangu tukiwa njiani kurudi kwamba ameshapata mkaza mwana.