Sigara za Baba

Mwezi wake wa mwisho Mzee Chaki hakuweza kulala chini. Akilazwa tu, pumzi inakata. Kwa hiyo mwanawe wa mwisho alikuwa akitoka kazini ananawa uso, anapanda kitandani na kukaa nyuma yake, mgongo kwa mgongo, mzee apate cha kuegemea. Ukuta ulikuwa na unyevu, na mito ya nyumba ile ilishabaki vitambaa vitupu. Mgongo wa mtu ndio uliofaa. Kijana aliisikia pumzi ya baba yake ikikwaruza hadi kwenye mbavu zake mwenyewe. Wakaongea hivyohivyo, kila mmoja akitazama upande wake, na mzee, ambaye utani haukumwisha hata pumzi ilipomwisha, akawa anamuuliza huko kwenu kuna habari gani.

Chaki lilikuwa jina la kazini. Alifungasha mifuko ya chokaa maisha yake yote, na kila jioni alitoka getini mweupe, kuanzia kope hadi kandambili. Barakoa? Ziligawiwa siku wakaguzi walipokuja, na wageni walipopanda gari zikakusanywa zirudi stoo. Siku nyingine watu walijifunga matambara usoni wakaendelea na kazi.

Na sigara, jamani, huyo mzee sigara hakuitaka hata kuiona. Shemeji yake mzima aliwahi kunyeshewa mvua uani kwa sababu alifika na sigara mkononi. Mzee akafunga mlango, akala chakula chake, wala hakuomba radhi.

Alifariki asubuhi, wakiwa vilevile wamepeana migongo. Mkwaruzo ulinyamaza. Kijana akafurahi, akadhani leo angalau baba kapata usingizi, akajikaza asitikisike asije akamwamsha. Alikaa hivyo mpaka miguu ikafa ganzi. Mama ndiye aliyeingia na uji, akatazama, akaweka bakuli chini, akamwambia ashuke taratibu.

Alipokwenda kuomba ruhusa kiwandani kulekule, ambako naye alikuwa kibarua, ofisa wa wafanyakazi alimkaribisha ndani na kumpa kiti, kitu ambacho hakijawahi kutokea. Akampa pole ndefu. Akasema kiwanda kitatoa basi la kuwapeleka wenzake mazikoni, kwa heshima ya mzee. Kisha akauliza nani atazungumza kwa niaba ya familia. Kijana akasema ni yeye.

"Vizuri. Maana watu wanaongea ovyo siku hizi. Vumbi, vumbi. Kuna daktari mmoja anazunguka majumbani kwa watu kuwajaza maneno." Ofisa akasogeza kiti. "Mzee alikuwa anavuta sigara, sivyo?"

"Hapana, bosi. Hakuvuta hata siku moja."

"Mdogo wangu, sikukuuliza kama alivuta. Nakuambia utakachosema."

Ofisa akaulizia hali ya mke wa kijana, akasema amesikia ni mjamzito, hongera sana. Akasema ukibarua ni mgumu kwa mtu mwenye familia, na kwamba yeye binafsi angependa kumuona ameajiriwa rasmi. Au, akasema, kuna vijana wengi pale getini wanaosubiri nafasi. Akamsindikiza hadi mlangoni akiwa amemshika bega.

Makaburini alianza vizuri. Alieleza utani wa mzee, watu wakatabasamu na machozi yao. Ofisa alikuwa amesimama kando, mikono nyuma. Kijana akasema, "Baba alivuta sana sigara. Ndizo zilizomharibu kifua." Angekomea hapo. Lakini mdomo ukaendelea wenyewe: "Tulimkataza, hakutusikia." Hayo hakuna aliyemtuma kuyasema.

Wafungashaji wenzake wakatazama viatu vyao. Mmoja alianza kukohoa, akajiziba mdomo kwa kiganja hadi macho yakamtoka. Mama aliinua uso, akamtazama mwanawe kama unavyomtazama mtu usiyemfahamu aliyekuita kwa jina.

Hakumgombeza, na afadhali angemgombeza. Alimwekea chakula, akamfulia nguo zake za kazi zilizojaa chokaa, akamjibu alichoulizwa. Kumwita mwanangu ndiko kulikokoma. Kijana akaajiriwa rasmi, akapangiwa mashine ileile aliyoiacha baba yake.

Hapo ndipo yalipoanza. Akikaa kitandani jioni alisikia uzito umemwegemea mgongoni. Hakugeuka, aliogopa kukuta hakuna kitu, na aliogopa zaidi kukuta kipo. Akijaribu kuikumbuka sura ya baba yake haikuja. Alichokumbuka ni mgongo tu, na mifupa yake. Picha waliyokuwa nayo ilikuwa moja, ya kiwandani, safu ya watu weupe pepepe wasiotofautishika. Mama alionyesha mmoja akasema ndiye huyu, na dada mtu akaonyesha mwingine. Kijana hakuonyesha yeyote. Ilimuuma kuliko maziko yenyewe.

Siku moja ya mapumziko daktari akabisha hodi. Alikuwa mwanamke mpole, viatu vimejaa vumbi la kutembea. Alikaribishwa, akanywa maji, akasema amepita nyumba nyingi na kila nyumba wanamwambia marehemu alikuwa mvutaji. Akasema wako wafungashaji ambao vifua vyao bado vingeweza kuokolewa kama kiwanda kingebanwa. Anahitaji familia moja tu iseme kweli, na wengine watafuata.

Safari hii kijana alitaka kusema, na angesema. Alikwishafungua mdomo.

"Mume wangu alikuwa mvutaji," mama akawahi.

Katika chumba cha ndani mkwe wake alikuwa akijinyanyua kitandani kwa tabu, mimba imemlemea. Mama alisikiliza mpaka kitanda kikanyamaza.

"Alivuta kwa muda mrefu?" daktari akauliza.

"Tangu ujana wake."

"Sigara gani?"

Mama akakwama. Katika ndoa yake yote sigara haikuwahi kuvuka kizingiti chake. Hakujua jina la hata moja. Akamgeukia kijana, na macho yake yalikuwa yanamwomba.

"Baba yako alikuwa anavuta zipi, mwanangu?"

"Zile kali," kijana akasema. "Zisizo na kichungi. Akimaliza moja anawashia nyingine."

Daktari aliwatazama wote wawili, akashukuru kwa maji, akaondoka. Mama akaokota bilauri akaenda nayo jikoni. Kijana alibaki kwenye kiti, na papo hapo, baada ya miezi yote ile ya kuitafuta, sura ya baba yake ikamjia. Ilikuja nzima: kope nyeupe, kovu la kidevuni, utani kwenye pembe ya mdomo. Na katikati ya midomo alikuwa amebana sigara, ameinama kidogo mbele, akingoja mwanawe amwashie.